Daktari Aliyeanzia Miguuni

Mwezi Januari 1765 wakuu wa mji wa Boston walimwajiri mzee mmoja mzaliwa wa Ireland, Robert Love, kwa kazi inayofanana kidogo na ya mgambo wa leo, ila yeye hakubeba rungu. Kazi yake ilikuwa kutembea. Alipita mitaani, bandarini, kwenye vilabu vya pombe na nyumba za kupangisha, akiulizia nani kaingia mjini. Akimpata mgeni, alimtamkia kwa jina la Mfalme kwamba ana siku 14 za kuondoka, kisha akaandika daftarini jina lake, alikotoka na amefikia kwa nani. Kama mgeni huyo alikuwa mgonjwa, mlevi au amevaa matambara, hilo nalo aliliandika. Hadi anafariki mwaka 1774 alikuwa ameshawaonya watu wapatao 4,000.

Wengi hawakuondoka, wala Love hakurudi kuwafukuza. Onyo lilikuwa na kazi nyingine. Likishatolewa, mji ulikuwa umejitoa lawamani: mgeni akiugua au akiishiwa, gharama za kumtunza zilihesabiwa juu ya hazina ya jimbo, si juu ya walipa kodi wa Boston. Nani amlipie mgonjwa asiye na kwao? Swali hilo lilijibiwa kwa kalamu kabla mgonjwa mwenyewe hajaugua.

Desturi ile ilitoka Uingereza pamoja na sheria za maskini na za wazururaji, na sisi huku tunaijua kwa upande wake mchungu zaidi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 dhidi ya wazururaji ilisafiri hadi kwenye makoloni, ikakaa ndani ya kanuni zetu za adhabu. Kenya iliifuta sheria yake ya uzururaji mwaka 1997. Tanzania, miaka mingi baada ya uhuru, iliongeza yake ya Nguvu Kazi mwaka 1983, na wakazi wa Dar es Salaam wa umri fulani wanakumbuka misako iliyofuata. Mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Kwa hiyo habari ya Boston ni ya ndugu wa mbali. Mahali babu mmoja alipoacha wajukuu wengi, tabia hujirudia.

Boston ya karne ya 19 iliwaweka mafukara wake visiwani. Ghuba ya mji huo ina visiwa vingi, na mmoja baada ya mwingine vilipokea wale ambao mji haukutaka kuwaona: wafungwa, wahamiaji wenye homa, walevi, wazee wasio na watoto. Katika kisiwa cha Long Island palijengwa nyumba ya mafukara na hospitali. Wagonjwa wa akili walikuwa na hospitali yao tangu 1839. Mfumo ule ulikuwa mkali na mara nyingi wa kikatili, lakini ulikuwa na kitu kimoja ambacho uliofuata haukuwa nacho. Kila mtu alikuwa na kitanda, hata kama hakukichagua.

Kuanzia katikati ya karne ya 20 vitanda vile vilianza kupungua. Mwaka 1955 hospitali za akili za serikali nchini Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya nusu milioni. Miaka 25 baadaye hawakufika hata robo ya hapo. Dawa mpya zilikuwa zimepatikana, na hoja ya kwamba mgonjwa atunzwe na jamii badala ya kufungiwa ilikuwa ya haki kabisa. Kliniki za jamii zilizoahidiwa zilijengwa chache, na nyingine hazikujengwa kamwe. Hospitali ya akili ya Boston ilifungwa mwaka 1979. Wakati huohuo mji ulikuwa unabomoa. Mtaa wa West End ulisawazishwa na ardhi mwishoni mwa miaka ya 1950, na eneo la Scollay Square, penye baa, sinema na vyumba vya bei ya chee, lilifuata kupisha majengo ya serikali. Nyumba za vyumba vya kupanga kwa juma, ambako mvuvi mstaafu au mpishi mlevi aliweza kujificha na maisha yake, zikageuzwa fleti za watu wenye kipato. Sheria nayo ilibadilika. Tangu 1973 ulevi wa hadharani haukuwa tena kosa la jinai katika jimbo la Massachusetts, kwa hiyo wanaume waliokuwa wakilala mahabusu kila Jumamosi hawakuwa tena na hata mahabusu.

Mwaka 1969 kikundi cha watu kikiongozwa na Paul Sullivan kilifungua nyumba ya kulala wageni wa aina hiyo katika Mtaa wa Pine, ikaitwa Pine Street Inn. Mwaka 1980 ilihamia kwenye jengo la zamani la makao makuu ya zimamoto, lenye mnara mrefu wa mtindo wa Kiitalia unaoonekana kutoka mbali, na huko iko hadi leo. Lakini kitu muhimu kwa habari yetu kilitokea kabla ya kuhama. Mwaka 1972 manesi wa chumba cha dharura cha Hospitali ya Jiji la Boston walichoka kuwaona wanaume walewale wakiletwa wakiwa hoi, wakishonwa, wakitolewa nje usiku, na kurudi baada ya juma na kidonda kilekile kikinuka. Wakaanza kwenda Pine Street jioni, kwa kujitolea, baada ya zamu. Wakafungua kliniki yao humohumo ndani, inayoendeshwa na manesi, bila daktari juu yao.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu vitabu vya tiba huwa vinaanza hadithi na daktari. Kwa miaka 13 kabla daktari wa kudumu hajafika, wanawake wale walikuwa wameshagundua karibu kila kitu ambacho baadaye kiliandikwa kwenye majarida. Waligundua kwamba mtu anayelala nje hatafuti hospitali. Anaikimbia, kwa sababu kule anasubirishwa saa saba, anaambiwa ananuka, na mlinzi anamwangalia mfukoni. Waligundua kwamba ukimuuliza maswali mengi siku ya kwanza hutamwona siku ya pili. Na waligundua miguu. Mtu asiye na nyumba hutembea kutwa nzima kwa sababu kila anapokaa anafukuzwa. Usiku halali na viatu vyake pembeni kwa sababu vitaibiwa. Viatu vinakaa mguuni majuma kadhaa, na vikilowa theluji havikauki. Ngozi ya unyayo inageuka nyeupe, inalainika, inachanika, na soksi inashikana na nyama. Ndipo nesi anakaribia na beseni.

Aliyeongoza kwa busara kati yao alikuwa Barbara McInnis, nesi wa afya ya jamii aliyekuwa akifuatilia kifua kikuu, Mkatoliki wa shirika la walei wa Mtakatifu Fransisko, mpenda amani aliyekuwa na ulimi mkali inapobidi. Watu waliomfahamu wanamwelezea kama mtu aliyekujua jina kabla hujajitambulisha. Kifua kikuu kilikuwa kazi yake rasmi, na miaka ya 1984 na 1985 kikalipuka ndani ya Pine Street Inn, tena cha aina isiyosikia baadhi ya dawa za kawaida. Ripoti iliyochapishwa mwaka 1986 katika New England Journal of Medicine ilionyesha kitu kilichowashtua wataalamu: watu waliokuwa wameshawahi kuambukizwa zamani walikuwa wanaambukizwa upya, na vimelea vipya, kutoka kwa jirani wa kitanda cha pili. Hewa ya ukumbi mmoja wenye mamia ya watu wanaokohoa ilikuwa inafanya kazi yake. Mtu wa kumfuatilia mgonjwa kila siku na kumwona akimeza vidonge kwa mwaka na nusu hakuwa mwingine ila nesi.

Wakati huo fedha zilikuwa zinakuja. Mifuko miwili mikubwa ya hisani, Robert Wood Johnson na Pew, ilitangaza dola milioni 25 kwa miji 19 ya Marekani itakayokubali kuanzisha huduma za afya kwa wasio na makazi. Boston ilikuwa na meya mpya, Ray Flynn, na gavana, Michael Dukakis, waliokuwa tayari kusaidia. Kamati ya kupanga ikakaa, na ndani yake wakawamo manesi na watu waliowahi kulala nje wenyewe. Masharti yao yalikuwa machache lakini mazito. Hawakutaka madaktari wa kujitolea wanaokuja Jumatano moja kwa mwezi kisha wanatoweka. Walitaka daktari ambaye hii ndiyo ajira yake. Hawakutaka sadaka, walitaka haki. Na walitaka vitanda vya kupona, kwa sababu hospitali ilikuwa inamtoa mtu siku mbili baada ya upasuaji na maelekezo ya kupumzika nyumbani, na nyumbani kwenyewe ni chini ya daraja.

Daktari aliyepatikana hakuwa amekusudia. Jim O'Connell aliingia Harvard kusomea udaktari akiwa na miaka 30, baada ya kusoma falsafa na teolojia, kufundisha shule na kuuza baa. Mwaka 1985 alikuwa anamaliza mafunzo ya magonjwa ya ndani katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, na nafasi ya kwenda New York kubobea katika saratani ilikuwa tayari mkononi. Wakuu wake wakamwomba asogeze safari kwa mwaka mmoja tu, aanzishe mradi huu mpya. Akakubali, kama mtu anavyokubali deni la shukrani. Mwezi Julai akafika kwenye kliniki ya Pine Street akiwa na stethoskopu shingoni na mwendo wa mtu aliyezoea kuona wagonjwa wengi kwa saa.

Manesi walimvua ile stethoskopu. Walimwambia, kwa adabu lakini bila kumbembeleza, kwamba amefundishwa vibaya kwa kazi hii, na kwamba akianza na maswali yake ya haraka atawaharibia walichokijenga kwa miaka. Kisha McInnis akamwonyesha beseni la maji ya vuguvugu yaliyotiwa dawa ya ayodini, na kiti kirefu ambako wagonjwa walikuwa wamekaa wameshakunja suruali. Kazi yake kwa majuma ya kwanza ilikuwa hiyo: apige magoti, aoshe miguu, awaite watu kwa majina yao, anyamaze.

Ukiiangalia hali ile vizuri utaona jinsi ilivyopindua mambo. Katika hospitali daktari husimama na mgonjwa amelala. Hapa mgonjwa alikuwa juu, amekaa na kikombe chake cha kahawa, na daktari alikuwa chini akitazama vidole vya miguu. Na miguu inasema mengi kwa anayejua kusoma: uvimbe wa moyo unaoshindwa, kidonda cha kisukari kisichosikika maumivu, alama ya vidole vilivyoganda baridi ya mwaka jana, sindano zilizopigwa kwenye mishipa ya kifundo kwa sababu ya mikononi imekwisha. Daktari alikuwa anapima bila kuonekana kwamba anapima.

O'Connell amesimulia mara nyingi habari ya mzee mmoja ambaye hospitali kuu ilimfahamu vizuri. Alikuwa na ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kumshuku kila mtu, miguu imevimba kupita kiasi, na faili lake limejaa maelezo kwamba amekataa dawa. Kwa majuma mzee yule alikuja, akaoshwa, akaondoka bila neno. Siku moja akainama akamtazama O'Connell na kumuuliza kama si yeye anayesemekana kuwa ni daktari. Na kama ni daktari, anafanya nini chini pale. O'Connell akajibu kwamba anafanya anachoambiwa na manesi. Mzee akaona jibu hilo ni la mtu mwenye akili. Haikupita muda akaomba mwenyewe dawa ya kumsaidia kulala, na mlango ukafunguka kidogo kidogo hadi matibabu aliyoyakwepa miaka mingi.

Mwaka ule mmoja haukuisha. O'Connell hakwenda New York.

Baadaye alianza kupanda gari la usiku la Pine Street, lile lililozunguka mji kuanzia saa tatu hadi alfajiri likigawa supu, sandwichi, blanketi na soksi kwa wale ambao hata ukumbi wa hifadhi waliukataa. Walilala kwenye matundu ya chuma ya barabarani yanayotoa mvuke, kwenye vibaraza vya benki, chini ya madaraja ya Mto Charles. Daktari aliruhusiwa kushuka na mfuko wake wa dawa, lakini kwanza agawe supu. Huko nje ndiko alikojifunza kwamba maagizo mengi ya kitabuni hayatekelezeki. Dawa ya kukojoza, ambayo ni ya kawaida kabisa kwa mgonjwa wa moyo, ni adhabu kwa mtu ambaye vyoo vyote vya mji vimefungwa kwake. Insulini inataka jokofu. Kidonge cha mara nne kwa siku kinataka saa, na saa imeuzwa. Kipimo cha utumbo mpana kinamtaka mgonjwa anywe dawa ya kuharisha usiku kucha. Mtu ambaye kitanda chake kiko chini ya daraja atafanyaje?

Jibu la hilo lilikuwa vile vitanda vilivyodaiwa na kamati. Tangu 1985 mradi, uliokuja kuitwa Boston Health Care for the Homeless Program, ulikuwa na vitanda 25 ndani ya makao ya Shattuck, kwa ajili ya watu ambao si wagonjwa kiasi cha kulazwa hospitali, na si wazima kiasi cha kurudi barabarani. Mwaka 1993 ukanunua jengo lililokuwa la kutunzia wazee na kuliita Barbara McInnis House, mwenyewe akiwa hai na, kama wanavyosema wenzake, akiona haya. Alifariki mwaka 2003. Miaka mitano baadaye nyumba hiyo yenye jina lake ilihamia Mtaa wa Albany, vitanda 104, ndani ya jengo lililokuwa mochwari ya jiji. Wafanyakazi hawalifichi hilo, na nadhani wagonjwa wa zamani hawalisahau.

Fedha za mifuko ya hisani huwa na mwisho. Kilichouokoa mradi wa Boston na ile ya miji mingine 18 ni sheria iliyosainiwa na Rais Reagan mwezi Julai 1987, iliyoanzisha fungu la serikali kuu kwa afya ya wasio na makazi. Sheria hiyo ilipewa jina la mbunge wa Connecticut, Stewart McKinney, mwanachama wa chama hichohicho cha Reagan. Mwezi Machi mwaka ule McKinney alikuwa amelala usiku mmoja nje mjini Washington pamoja na wanaharakati, kwenye baridi, ili kuishinikiza serikali. Mwezi Mei alifariki kwa nimonia iliyohusishwa na UKIMWI. Mkono uliosaini sheria ni uleule uliokuwa umepunguza sana fedha za nyumba za gharama nafuu, jambo ambalo waliokuwa kwenye foleni za Pine Street walilijua bila kusomewa bajeti.

Tangu mwanzo mradi ulikuwa na tabia nzuri ya kuwahesabu wafu wake. Utafiti uliochapishwa 1997 uliwafuatilia watu wazima 17,292 waliotibiwa na mradi kati ya 1988 na 1993. Walikufa 606, kwa wastani wakiwa na miaka 47. Kwa vijana wadogo, chanzo kikuu cha kifo kilikuwa kuuawa. Kwa wa miaka 25 hadi 44, muuaji mkuu alikuwa UKIMWI. Miaka 15 baadaye hesabu ikarudiwa kwa watu 28,033 walioonwa kati ya 2003 na 2008. Katikati hapo dawa za kufubaza VVU zilikuwa zimefika, na mwaka 2006 jimbo la Massachusetts lilikuwa limepitisha bima ya afya kwa karibu kila mtu. Mgonjwa wa Boston asiye na nyumba alikuwa na kadi ya bima, kliniki, na daktari anayelijua jina lake. UKIMWI ulirudi nyuma sana kama ilivyotarajiwa. Lakini kiwango cha vifo kwa jumla hakikushuka. Nafasi iliyoachwa na UKIMWI ilikuwa imechukuliwa na kuzidisha dozi ya dawa za kulevya, hasa za jamii ya afyuni: vifo 219 kati ya 1,302.

Kundi lililolala nje kabisa lilikuwa na hali mbaya zaidi. Watu 445 waliohesabiwa barabarani mwaka 2000 walifuatiliwa kwa miaka 10, wakafa 134. Hiyo ni karibu mara 10 ya kiwango cha vifo cha jimbo zima, na karibu mara 3 ya wale waliolala ndani ya makao ya hifadhi. Sidhani kama kuna takwimu nyingine inayoweza kumnyamazisha daktari kama hii. Hawa ndio waliokuwa wakiletewa supu na vidonge hadi walipolala. Hawakufa kwa kukosa daktari.

Mwandishi Tracy Kidder alikaa na O'Connell miaka kadhaa, akaandika kitabu chake Rough Sleepers kilichotoka 2023. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akamkumbuka Kidder kwa kitabu cha awali, cha 2009, kuhusu Deogratias Niyizonkiza, mwanafunzi wa udaktari wa Burundi aliyekimbia mauaji, akafika New York mwaka 1994 na dola mia mbili, akawa anasambaza mboga za dukani kwa ujira mdogo na kulala kwenye bustani ya Central Park. Deo alipata watu waliompa chumba, akaingia chuo kikuu, na baadaye akarudi kujenga kituo cha afya Kigutu. Nikiviweka vitabu hivi viwili pamoja naona wazi kwamba kilichomtoa Deo bustanini ni ufunguo wa nyumba ya mtu. Kipaji chake kilikuwepo hata alipolala kwenye majani.

Huko Boston funguo zilikuwa adimu, na Oktoba 2014 zikawa adimu zaidi. Meya Marty Walsh aliamuru daraja la kwenda Long Island lifungwe siku hiyohiyo kwa sababu lilikuwa bovu. Kisiwa kile cha mafukara wa zamani kilikuwa bado na makao ya mamia ya watu pamoja na vituo vya kutibu uraibu. Wote walitolewa kwa saa chache, wengine wakiacha vitu vyao nyuma. Waliporudishwa mjini walijikuta karibu na hospitali, makao na kliniki za methadoni, kwenye makutano ya barabara za Massachusetts na Melnea Cass. Mahema yakaota hapo. Mji uliyaondoa mwanzoni mwa 2022, yakarudi, ukayaondoa tena mwishoni mwa 2023. Si mbali na pale, kwenye lile jengo la mochwari ya zamani, mradi ulifungua mwaka 2016 chumba kimoja chenye viti vya kuegemea, ambako mtu aliyezidiwa na dawa alikaa akipimwa pumzi na mapigo ya moyo hadi arudiwe na fahamu. Wapo waliolalamika kwamba chumba hicho kinawadekeza. Manesi walioona watu wakifa vyooni hawakuwa na muda wa mjadala huo.

Kisha ikaja korona. Tarehe 2 na 3 Aprili 2020 mradi ulimpima kila aliyelala Pine Street, awe anakohoa au hakohoi. Walipimwa 408, wakakutwa nayo 147, na karibu tisa kati ya kila kumi ya hao hawakuwa na dalili yoyote. Upimaji wa joto la mwili mlangoni, ambao dunia nzima ilikuwa ikiutegemea, ulikuwa haujamkamata karibu mtu yeyote. Nafikiri haikuwa bahati kwamba jambo lile ligunduliwe mahali pale. Ni nyumba iliyokwisha kujifunza kuhusu hewa miaka ya 1980.

Swali la nyumba lenyewe nalo lilijaribiwa. Kuanzia 2005 watu 73 waliolala nje miaka mingi, wagonjwa wa timu ya mradi iliyowatibu watu barabarani, walipewa fleti moja kwa moja, bila kutakiwa kwanza waache pombe au wamalize tiba. Walifuatiliwa kwa miaka 14. Baada ya mwaka mmoja asilimia 82 walikuwa bado ndani, na magazeti yangeweza kuishia hapo kwa shangwe. Baada ya miaka mitano walibaki asilimia 36. Wengi walifariki, wengine walifukuzwa na wenye nyumba. Mtu aliyekaa miaka 20 barabarani anapopata mlango hana moyo wa kuwafungia nje wenzake aliogawana nao blanketi, na majirani wanapiga simu. Na kila mara mtu alipohamishwa kwenda fleti nyingine, uwezekano wa kuishindwa hiyo mpya uliongezeka.

Waandishi wa ripoti hiyo ni watu walewale wa timu, hawakuwa na sababu ya kujipaka matope. Hawakusema nyumba haifai. Walisema ufunguo peke yake hautoshi kwa mtu ambaye moyo, ini na akili vimeharibika kwa pamoja. Kwa hiyo timu ya barabarani haikuacha kumfuata mgonjwa alipopata anwani. Siku hizi sehemu ya kazi yao ni kupanda ngazi: kugonga mlango, kuangalia kama vidonge vipo kwenye kisanduku chake, kuangalia kama kodi imelipwa na kama kuna barua ya mwenye nyumba iliyoachwa bila kufunguliwa, kumsindikiza mahakamani ikibidi. Na mgonjwa akikaa kwenye kiti chake mwenyewe, kumwomba avue viatu.